Simu ya Bi Kasoro

Watu watatu walikuwa wameikodolea macho simu ya mapokezi, na simu yenyewe ilikuwa kimya.

Mmoja alikuwa mhariri mpya, aliyesimama akichezesha funguo za gari. Mwingine alikuwa karani wa mapokezi, dada mcheshi aliyezijua sauti za wasomaji kuliko za wajomba zake. Wa tatu ni Fundi. Huyu ndiye aliyetunga chemshabongo ya gazeti tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Leo aliitwa mapema kuliko kawaida, akaja na shati lake la kwendea harusini.

"Ya leo sikuitoa," mhariri alikuwa amemwambia. "Mahali pake nimeweka tangazo la magodoro. Akitokea msomaji mmoja tu akaiulizia, kesho inarudi. Wakinyamaza, mzee wangu, tutaagana kwa amani."

Bahasha aliyoileta Fundi jana ilikuwa pale mezani, bado imegundishwa, na mhariri alikuwa ameweka kikombe juu yake.

Fundi aliumia, ila hakuogopa. Alikuwa na Bi Kasoro.

Jina hilo karani ndiye aliyelibuni, kwa ajili ya mama mmoja aliyepiga simu kila asubuhi kuiponda chemshabongo ya siku hiyo. Mama mwenyewe hakuwahi kujitaja. Wala Fundi hakuwahi kumsikia. Kila alipofika ofisini kuleta kazi ya kesho, alikuta mama ameshapiga, ameshasema yake na kukata, na karani anasubiri kwa hamu kumwigiza.

"Mwambieni Fundi wenu popo si ndege! Ananyonyesha! Kwenye mada ya ndege amefuata nini?"

Au: "'Chombo cha kupikia, herufi sita.' Chungu ni sita, kaango ni sita. Sasa tupige ramli?"

Hilo la popo lilimkera Fundi wiki nzima, kwa sababu hata yeye alisita alipomwingiza. Kona ilikuwa imegoma kufunga, na macho yalikuwa yamechoka. Alilalamika nyumbani.

"Huyu mama ni kama alikuwa amesimama mgongoni kwangu," alimwambia mkewe, ambaye wakati huo alikuwa anafuta makombo pembeni mwa karatasi za rasimu.

"Kwani popo si ndege?" mkewe akauliza.

Fundi akamwambia aachane na mambo ya herufi, amwongezee chai.

Lakini ukweli ni kwamba alimpenda adui yake. Barua za wasomaji zilikauka zamani. Vijana walikuwa wamehamia kwenye michezo ya simu. Gazeti lenyewe halikuuzwa tena mtaani kwake. Nakala aliyorudi nayo jioni, kwapani, ilikuwa ya bure ya ofisini. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja aliyekaa na kazi yake kisanduku kwa kisanduku, na kwa ajili ya huyo mmoja Fundi alifuta madokezo, akaandika upya, akafuta tena. Bila huyo, angekuwa mzee anayechora vyumba vya watu wasiohamia.

Wakaendelea kusubiri. Akapiga muuza wino wa kuchapia. Akapiga mtu aliyekosea namba, na karani akamjibu kwa ukali asiokuwa nao. Mhariri akapiga mwayo, akaomba radhi, akapiga mwingine.

"Atapiga," Fundi alisema. "Huyu hata nyumba iungue, atapiga kwanza ndipo atafute maji."

Simu ikalia. Karani akaitazama namba, nusura aruke kitini. "Ndiye! Ndiye huyu!"

Mhariri akabonyeza spika.

"Habari za asubuhi, mwanangu," ilisema sauti ya mama. "Shika kalamu, nina haraka, nimeacha jiko linawaka."

Fundi, aliyekuwa amesimama akitabasamu, akakaa. Karani akadhani ni furaha, akamshika bega.

"Leo ndiyo ameharibu kabisa. Mada, 'Nyumbani'. Haya, namba saba kwenda chini: 'Hukaa nyumbani', herufi tatu. Jibu eti mke! Nani kamwambia mke anakaa tu? Yeye akishafunga mlango ameenda zake, anajua huku nyuma kunafanyika nini?"

Mhariri alikunja uso. Alilichukua gazeti la siku hiyo, akalifungua kwenye kurasa za burudani. Palikuwa na godoro, na mwanamke amelala juu yake anacheka. Akageuza ukurasa, akarudi. Kisha akainua kikombe, akaigusa bahasha kwa kidole mahali ilipogundishwa, akamtazama karani. Karani akautoa mkono wake begani kwa Fundi polepole.

"Haloo? Unaandika, mwanangu?" sauti iliendelea, na sasa ilikuwa imelainika. "Mengine yote ni mazuri. Ile kona ya chini ameifunga vizuri sana, nimeipenda. Mwambie asikate tamaa. Na huyo bosi wenu mpya mwambie asiiguse hiyo chemshabongo, tunaisoma huku. Tuko wengi."

Mhariri alinyoosha mkono kuizima spika, lakini Fundi akamwahi, akaiinamia simu.

"Mama watoto," alisema taratibu, "leo haikutoka."