Maji ya Bomba

"Mama, leo usiwashe jiko!"

Bi Mwanakheri alisita, kiberiti mkononi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akimpashia bintiye maji ya kuoga, maana Shamsa ana selimundu, na baridi kidogo tu ilitosha kumlaza hospitali, akilia kwa maumivu ya mifupa.

"Ile tiba ya majaribio imenikubali!" Shamsa alisema, ametoka kuchukua majibu ya damu. "Daktari kasema hata maji ya bomba nioge."

"Kasema yeye, au unasema wewe?"

Shamsa alicheka, akaburuta ndoo iliyojaa hadi katikati ya ua. Mama alitumbukiza kiwiko, kama alivyokuwa akipima maji ya kumwogesha alipokuwa mchanga.

"Ya baridi mno haya, mwanangu."

Kabla hajamaliza, Shamsa aliinyanyua ndoo akajimwagia yote kichwani. Akapiga ukelele.

Mama alimrukia, akamkumbatia na maji yake. "Wapi? Panauma wapi?"

"Hapaumi, mama! Ni baridi tu!" Meno yalikuwa yakimgongana huku akicheka. "Niongezee!"

Bi Mwanakheri alikimbilia bombani na ndoo. Mkono wa pili ulikuwa bado umeng'ang'ania kiberiti, kimelowa chapachapa.