Kibao cha Darajani

Umewahi kuona mto ambao ukibandika ndizi pale unapochomoza, ukaufuata hadi ziwani, unarudi ndizi bado ngumu? Basi wetu, huku pembeni ya Mwanza, ndivyo ulivyo. Unatoka kati ya mawe mlimani, unapita bustani za mchicha, umeisha. Kiangazi mbuzi anauruka. Masika unaviringisha mawe.

Tunauita Kokugonza. Kwetu mto usio na jina hupewa la mtu wa kwanza kusombwa na maji yake, na huyo alikuwa binti wa Tereza, akivuka kutoka shule, viatu mkononi.

Sasa daraja limejengwa, na injinia akaja kuuliza kibao kiandikwe nini. Mwenyekiti wa mtaa, Ngosha, alitaka jina la babu yake. Majirani wakagoma. Mhoja, yule mama muuza mchicha, akamfuata Tereza nyumbani.

"Mama Koku, usiponyanyuka leo, mwanao anafutwa."

Tereza alijifunga kitenge cha kanisani, wakateremka. Njiani mwanamke mmoja alikuwa akimwita mtoto wake aliyesogelea maji: "Rudi hapa, Kokugonza atakumeza."

Tereza alisimama kidogo. Mhoja akamshika mkono, akidhani ameteleza.

Darajani Ngosha alikuwa ameshaanza. "Babu yangu ndiye aliyefyeka pori hili lote."

"Alifyeka, ndiyo," Mhoja akamjibu. "Mbona mto haukumchukua? Au alikuwa mzito kwa pombe?"

Watu wakacheka, hata injinia. Kisha akavua kofia yake ya kazi, akamsogelea Tereza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimeambiwa marehemu ni mwanao. Jina utakalotaja wewe ndilo nitakaloandika."

Ngosha akatazama viatu vyake. Alijua ameshindwa. Mhoja tayari alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sema, mama. Miaka yote hii hujawahi kusema neno."

"Andika la babu wa Ngosha," Tereza akasema. "Kila masika mtu akifa maji hapa, mnasema Kokugonza kaua tena. Mwanangu hajaua mtu."