Mwalimu wa Adabu

"Na hivyo viatu ni vyako au umeazima? Barua yako inasema unatoka Naisogo, na watu wa Naisogo nawajua, hata ngazi mnapanda kwa magoti."

Iliesa Vakaloa alitabasamu kama alivyofundishwa Sydney, bila kuonyesha meno. Kumbe huyu mzee Apenisa, mwenye sulu, shuka la kiume, iliyochujuka kiunoni, ndiye mwenyekiti wa usaili! Hoteli hii ya Suva ilitafuta mtu wa kuwafunza wafanyakazi wake adabu. Mwanafunzi wa kwanza, Iliesa aliwaza, alikuwa ameshapatikana.

"Ni vyangu, mheshimiwa. Asante kwa kuuliza."

Bi Makereta, mjumbe wa pili, aliinamia karatasi zake huku mabega yakimtikisika. Mzee alisubiri kidogo, kichwa kakilaza upande, kisha akaendelea.

"Babu zenu walipokimbia vita walijificha kwenye shamba la magimbi. Tuliwang'oa kwa masikio."

Loo, Iliesa alimdharau! Yeye, mwenye vyeti vitatu vya adabu na miaka ishirini na sita ya ugenini, anahojiwa na mshamba asiyejua kufunga domo. Lakini kazi aliitaka. Kule Sydney walishamwachisha kazi, na mkewe alikuwa ameshafunga mizigo ya kuhamia huku.

"Historia ya kuvutia sana, mheshimiwa."

Mzee alikunja uso. Akasogea mbele, karibu kabisa.

"Na mama yako, bado anachemsha popo na manyoya yake?"

Iliesa alikaza tabasamu lilelile la Sydney.

"Mama hajambo, nakushukuru kwa kumkumbuka."

Bi Makereta aliacha kucheka. Mzee akafunga faili, na kwa mara ya kwanza akasema kwa upole.

"Bwana Vakaloa, tunashukuru sana kwa kuja kwako. Kwa masikitiko, kazi hii hatutaweza kukupa."

Iliesa aliruka kutoka kitini.

"Hamnipi? Mzee mzima unanitukana hadi mama yangu, nami nakujibu kistaarabu! Kosa langu nini?"

"Ndilo hilo," alisema mzee Apenisa, na kweli alikuwa na huzuni. "Kijiji chako na changu ni watani tangu enzi za mababu. Nimekutukana mara tatu, hujanirudishia hata moja. Nani kakulea, mwanangu?"