Marehemu Abadili Msimamo

Kabla hakujapambazuka, kisanduku cha sauti kilichogawiwa na chama kilikwaruza jikoni, kisha sauti ya marehemu Mzee Mbwambo ikasikika. Baada ya kushindwa uchaguzi mara kwa mara, chama kilikuwa kikiwafundisha waasisi wake waliokufa, kwa kompyuta iliyoiga sauti zao, kusema maneno ya kisasa.

“Nakiete mwanangu, nilikosea kukufukuza kwa sababu uligombea udiwani. Mwanamke anaweza kuongoza.”

Nakiete, aliyeamka kumpikia mama yake uji, aliangua kilio. “Mama, kumbe baba alinisamehe?”

Bi Namkunda alishindwa kumtazama kwa aibu. Mzee alikata roho akikataza jina la binti yake lisitajwe nyumbani. Lakini Nakiete alikuwa amelala hapa, kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe.

“Alikusamehe,” alisema. “Atakuwa na mengine ya kukwambia. Uje tena, mwanangu.”