Mwimbaji wa Wimbo wa Mwisho

Ambakisye alihamishia kwenye kompyuta nyimbo zote za sidii za kwaya ya mama yake. Kila wimbo uliingia na maneno "mwimbaji hajulikani", kwa sababu kwaya ile iliona kuandika majina ni majivuno. Aliyebaki hai ni mama tu. Akampigia wimbo mmoja mmoja. Mama akawataja wenzake walioongoza kila wimbo bila kusita, naye akaandika.

Ukabaki wa mwisho.

"Na huyu, Mama?"

"Mh! Huyu simjui, baba. Lakini kajaliwa sauti."

"Ni wewe, Mama."

"Acha utani wako!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi niimbe hivyo? Waulize watu wa kwao jina lake."

Ambakisye akaondoa mikono kwenye kibodi. Mama akasogeza kiti karibu na spika, akaanza kumpigia makofi mgeni yule, taratibu, akifuata mdundo.