Kipepeo wa Kuazima

Siku hizi kule Makete, kaya isiyopeleka serikalini picha ya karibu ya kipepeo hai juu ya ua kila kipupwe huhamishwa. Basi watu huazimana kipepeo kama zamani walivyoombana moto.

Atuganile aliletewa kipepeo na jirani yake, Mama Ipyana, ambaye alimtua juu ya ua la njegere, akaonya:

"Usimkoholee, mwenzangu!"

Atuganile aliposogeza kamera ya serikali, ile inayokagua yenyewe, aliona gundi miguuni mwa kipepeo. "Dada, mbona huyu amekufa?"

"Alikufa zamani, kila nyumba inajua. Wewe mpulizie taratibu, mabawa yatacheza."

Ndani watoto walikuwa wakingoja kuambiwa kama wafunge mizigo. Atuganile akapuliza, akabonyeza.

Kamera ikasema, "Yu hai. Hongereni. Mwakani mlete wawili."