Tezi Chini ya Sikio

Kabula alipitisha kiganja chini ya sikio la ng'ombe mmoja dume, akagusa uvimbe mgumu, wenye moto, mkubwa kama yai la kuku. Akajua palepale. Ni ndigana, homa ya kupe inayoweza kufagia zizi zima. Ndiyo hiyohiyo aliyotaka kuisomea shahada ya uzamili, na kila mfadhili akamjibu kwamba ombi lake ni zuri ila nafasi zimejaa.

Baba yake, hapo kijijini Dutwa, akapata mfadhili wake mwenyewe: mkwe. Ng'ombe wa mahari wameingia asubuhi hiyo na vumbi lao. Shangazi atawanunua, pesa iwe ada ya chuo.

Siku kama hiyo bibi harusi kama yeye hakanyagi zizini, anakaa ndani. Lakini wazee walipokwisha kukagua pembe na nundu wakaridhika, baba alimwita amguse kila mmoja mbele ya wakwe, kwa majivuno.

"Ng'wanone, mwanangu, wewe ndiye msomi wa haya mambo. Wazima?"

Dume akamlamba mkono, ulimi unakwaruza. Akimkataa dume huyu, wakwe wataswaga wote warudi nao, na chuo kinafunguliwa Jumatatu.

Kabula akajifuta kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Wazima, baba."

Shangazi akapiga vigelegele. "Msomi kasema, mimi nasubiri nini?" Akaishika kamba ya yule dume. "Huyu leo leo analala zizi moja na ng'ombe wangu."